Matriksi na Unga wa Ma Chanda

Siku ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ni ile niliyosimama mbele ya darasa la kumi na moja hapa Nchelenge, chaki mkononi, nikaandika jibu la matriksi kwa mbwembwe zote. Darasa zima likanipigia makofi, nami nikainama kidogo kama mwimbaji wa kwaya aliyemaliza wimbo. Jibu lilikuwa baya. Si baya kidogo, baya kabisa, na kati yetu sote tuliopiga makofi na kupigiwa hapakuwa na hata mmoja aliyejua.

Nakueleza haya kwa sababu jana nilikuona. Ulidhani nimesinzia pale mlangoni, lakini macho yangu yalikuwa wazi. Nilikuona ukilitupa daftari la hesabu juu ya gunia la muhogo, ukasema kwamba hivi visanduku vya namba vilibuniwa na watu waliokosa kazi ya kufanya. Nilicheka kimoyomoyo, maana maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa Kiswahili na kwa Kibemba, ili kila mtu asikie. Basi leo kaa hapa. Menya mihogo yako taratibu, mimi nitasema. Najua mvi zangu bado chache na mnazihesabu mkidhani sioni, lakini kwa jambo hili niruhusu niwe mzee.

Wakati huo nilikuwa naishi kwa Tantine Bea, dada wa baba yangu. Sisi tuliotoka Katanga shangazi tunamwita tantine, na yeye ukimwita vinginevyo anageuka nyuma kutazama ni nani aliyeitwa. Vita vilitutoa ng'ambo ya Ziwa Mweru vikatuleta upande huu wa Zambia. Ndugu zetu wengi walishika jembe, wakalima muhogo na karanga kwenye makazi waliyopewa. Tantine jembe hakuliweza, akaingia ziwani. Alikuwa akivuka kwa mashua mpaka kisiwa cha Kilwa cha humo humo Mweru, anachukua samaki wake na wa wanawake wenzake wa kule, anawaleta bara kwa wakulima, kisha anarudi kisiwani na unga na karanga. Hapakuwa na pesa katika biashara hiyo. Ilikuwa samaki kwa unga, na wale wanawake walimkabidhi mali yao bila kumfuata, kwa kuwa walijua kila mmoja atapata kilicho chake.

Mwaka ule mwenzake wa mashuani aliolewa Mansa, akaenda zake. Mgongo wa Tantine ulikuwa umeanza kumsumbua. Na kama unavyojua, kila mwaka serikali hufunga uvuvi kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane, na kabla ya kufungwa kila mtu ziwani hukimbizana na siku. Tantine alihitaji mikono, na mikono iliyokuwa karibu ilikuwa yangu. Alama zangu za hesabu muhula uliopita zilikuwa za aibu, mwanangu, sitakutajia. Jioni moja aliweka sahani ya bukari, ugali wetu, katikati yetu, akanawa, akanitazama.

"Feza, sikia," akasema. "Miye sina mukono ya tatu. Nitafika ku masomo yako siku ya kuvuka. Kama Madamu anasema unasikia hesabu, unabakia. Kama anasema hauyasikia, unaingia mu mashua pamoja na miye mbele ziwa ifungwe. Ni vile tu."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana niliogopa zaidi. Nilijua nikishaingia mashuani sitatoka, kwa sababu baada ya safari moja kuna nyingine, na niliwaona wasichana wa rika langu waliokwenda kusaidia kwa wiki mbili na sasa walikuwa na watoto migongoni. Nilitaka kusoma. Sikuwa na mpango wowote mkubwa, nilitaka tu kusoma, kama mtu anavyotaka maji.

Sasa huyo Madamu. Jina lake Madamu Ngoie, na naomba ulisikilize vizuri jina hilo, kwa sababu kila ninachokijua katika hesabu kilipitia kwake. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa sweta ya kijani hata mwezi wa Oktoba, mwezi ambao hapa kwetu mijusi yenyewe hutafuta kivuli. Kule Kongo alifundisha hesabu kwa Kifaransa miaka mingi. Alipofika huku akakuta shule zinafundisha kwa Kiingereza. Unajua alifanya nini? Aliomba kuketi na watoto wa darasa la tano ajifunze Kiingereza pamoja nao, mtu mzima mwenye diploma yake, magoti yakigonga dawati. Watoto walimcheka naye akawacheka vilevile, na baada ya muda si mrefu akawa anasimama mbele ya darasa letu. Kiingereza chake kilikuwa kimepinda pinda, na akikokotoa ubaoni ulimsikia akihesabu chini chini kwa Kifaransa, "quatre, cinq, six." Lakini hesabu yenyewe ilikuwa imenyooka kama uzi. Namstahi yule mama kuliko ninavyoweza kusema.

Siku ile ya makofi alikuwa ametuchorea majedwali mawili ubaoni. Nitakueleza yalivyokuwa, ukitaka chora kwa kidole kwenye unga huo.

La kwanza lilikuwa la wanawake wawili. Kwa utani aliandika jina la Tantine wangu, na la rafiki yake wa kisiwani, Ma Chanda. Tantine ameleta mafungu matatu ya samaki wa moshi na ndoo mbili za chisense, wale dagaa wetu wadogo wa kuanika. Ma Chanda ameleta fungu moja la samaki wa moshi na ndoo nne za chisense. Kwa hiyo safu ya Tantine imelala juu, tatu na mbili. Safu ya Ma Chanda imelala chini yake, moja na nne. Ukiziwekea mabano makubwa pande zote mbili, mwanangu, umeshapata matriksi. Ndiyo yenyewe. Namba zilizopangwa kwa safu zinazolala na safu zinazosimama, na kila namba inajua inakaa wapi na kwa nini. Wewe uliogopa nini?

Jedwali la pili lilikuwa la wakulima. Fungu moja la samaki wa moshi, mkulima anakupa meka tano za unga na vikombe viwili vya karanga. Meka ni lile kopo la kupimia unga, hilo unalijua. Ndoo moja ya chisense anakupa meka nne na kikombe kimoja. Kwa hiyo safu ya juu ni tano na mbili, ya chini ni nne na moja.

"Zidisheni," akasema Madamu. Swali lilikuwa hilo tu. Kila mwanamke arudi na nini?

Nilikwenda mbio ubaoni. Majina ya watu na ya vitu sikuyanakili, niliona yananichelewesha. Nilichukua namba tupu na kuzizidisha kila moja na ile inayotazamana nayo. Tatu mara tano, kumi na tano. Mbili mara mbili, nne. Moja mara nne, nne. Nne mara moja, nne. Safi, haraka, makofi.

Madamu hakufuta. Alisimama kando, mikono ndani ya mifuko ya sweta, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kile cha kusema "donc" kwa basi na "mais" kwa lakini, ili nisipate pa kujificha.

"Feza, hii ine ya huku chini ni ya nini?"

"Ni jibu, Madamu."

"Jibu ya kitu gani?"

Nikaigeuza chaki mkononi.

"Hii ni safu ya nani? Ma Chanda. Hii inasimama juu ya nini? Unga. Donc ni unga ya Ma Chanda, meka ine. Alituma fungu moja na ndoo ine ya chisense, na weye unamurudishia meka ine. Bon. Beba, umupelekee ku Kilwa. Atakuuliza nini?"

Mtu nyuma ya darasa akajibu kwa niaba yangu, "Atauliza unga wake umekwenda wapi!" Wakacheka wote, hao hao waliopiga makofi. Masikio yaliniwaka moto. Kisha Madamu akanikaribia na kusema kwa sauti ya chini maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"We si mujinga, Feza. Mais uko muvivu ya kuuliza. Unaona namba, unasahau bantu." Bantu, yaani watu.

Nilikasirika, nisikudanganye. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimevimba kama andazi. Lakini Jumamosi asubuhi alikuja nyumbani kunichukua, yule mama aliyekuwa na nguo zake za kufua na watoto wake wa kulisha, tukashuka pamoja mpaka ufukweni Kashikishi.

Unaujua ule ufuko Jumamosi. Wavuvi wanashusha, wakulima wamefika na magunia, na kila anayebadilisha huweka fungu lake chini mbele ya fungu la mwenzake. Fungu la samaki hapa, fungu la muhogo pale, yanatazamana. Wanatazama, wanaongeza, wanapunguza, mpaka mmoja anasema "Ee mukwai, yakubali," na kila mtu anabeba la mwenzake. Ndivyo biashara ya huku ilivyo tangu sijazaliwa. Madamu alinishika bega.

"Unaona? Huku fungu inaangalia fungu. Njo vile ulifanya ku tableau ya darasa. Ulikomala ku ufuko, hapa ni masomo yako ya kwanza, sikukatazi. Mais safari ya Tantine yako haiko vile. Yeye habadilishe na mutu moja uso kwa uso. Yeye anatoka kwa mwenye samaki, anapita kwa samaki, anafika kwa unga. Katikati kuko nini?"

"Samaki," nikasema.

"Voilà. Katikati kuko samaki. Sasa tembea."

Aliniambia nitembee kweli kweli, mwanangu, hapo mchangani mbele za watu. Alichora jedwali la wanawake upande mmoja na la wakulima upande mwingine. Nilipaswa kushika safu ya Tantine na kutembea nayo kwa upana, kisha kwenda kuishusha juu ya safu ya unga iliyosimama. Samaki wa moshi wa Tantine wanakutana na samaki wa moshi wa mkulima: tatu mara tano, meka kumi na tano. Chisense yake inakutana na chisense: mbili mara nne, meka nane. Kila aina inasalimiana na aina yake, haipiti kwa jirani. Pale ubaoni nilikuwa nimechukua chisense ya Tantine nikaizidisha na karanga za samaki wa moshi, jambo ambalo hata mlevi wa Kashikishi hafanyi.

Halafu nikakwama. "Nina kumi na tano, nina nane. Nifanye nini nazo?"

"Weye unga ya samaki na unga ya chisense, unatia mu gunia mbili?"

Hapo, mwanangu, hapo ndipo kitu kilipofunguka. Nilicheka kwa sauti, mama mmoja muuza mafuta akageuka kunitazama. Unga hauna habari umetokana na samaki gani. Unaingia gunia moja. Ndiyo maana baada ya kuzidisha tunajumlisha! Miezi yote ile mwalimu wa kabla yake alituimbisha "safu mara safu, zidisha, jumlisha," tukaimba vizuri tu, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini tunajumlisha. Meka ishirini na tatu za Tantine. Karanga zake: tatu mara mbili, sita, na mbili mara moja, mbili, jumla vikombe vinane. Ma Chanda: moja mara tano, tano, na nne mara nne, kumi na sita, jumla meka ishirini na moja. Karanga zake vikombe sita. Ishirini na moja, mwanangu, na mimi nilitaka kumpelekea nne.

Nilizunguka zunguka mchangani kama mtu aliyepewa zawadi. Nikaanza kumchokoza Madamu kwa maswali, naye akayapokea yote. Je, akiongezeka mwanamke wa tatu? Unaongeza safu ya kulala katika jedwali la kwanza, basi, la wakulima huligusi. Wakulima wakileta na maharage? Unaongeza safu ya kusimama katika la pili, basi. Na kama wanawake wana aina tatu za samaki lakini wakulima wanajua mbili tu? Hapo mkono wake ulipiga hewa. Haizidishiki. Vya katikati lazima vilingane, kwa sababu kila samaki anayetoka upande huu anahitaji mtu wa kumpokea upande ule. Daftari lako linasema idadi ya safu zinazosimama katika matriksi ya kwanza iwe sawa na idadi ya zinazolala katika ya pili. Uliisoma kanuni hiyo jana ukaona ni amri ya mfalme. Ni samaki tu, mwanangu, wasiachwe bila mwenyeji.

Alinionyesha hata ile matriksi yenye moja moja kwenye mshazari na sifuri kwingine kote. Akasema huyo ni mkulima ambaye ukimpelekea fungu la samaki wa moshi anakurudishia fungu la samaki wa moshi, ukimpelekea chisense anakupa chisense. Umetembea bure, umerudi ulivyokwenda. Naipenda sana hiyo mpaka leo.

Siku ya kuvuka ikafika. Ilikuwa mchana, tumetoka darasani, na nilimwona Tantine anakuja kutoka upande wa bandari, mkono mmoja kiunoni akishikilia mgongo wake, na mkono wa pili umebeba begi langu. Begi langu mimi. Alikuwa ameshanifungia nguo.

Madamu alitoka, wakasalimiana kwa heshima zote, wakaulizana habari za watoto na za kule ng'ambo. Kisha Tantine akasema, "Madamu, nilikuya juu ya huyu mutoto. Anasikia hesabu ao hapana?"

Nilimtazama Madamu. Alijua ninaelewa. Neno moja tu lilitosha. Na yule mama, Mungu amrehemu, akakataa kulisema.

"Miye sitasema kitu. Feza njo atasema. Atakufasiria hii matrisi, na weye ukisikia, basi anasikia."

"Na nisiposikia?"

"Basi umubebe."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimchukia kwa muda, nakiri. Lakini Tantine alikuwa ameshaketi kwenye jiwe, begi magotini, akisubiri kama mtu aliyeuziwa kitu asichokitaka. Nikainama, nikachora chini. Safari hii niliandika majina kwanza: Tantine, Ma Chanda, samaki wa moshi, chisense, unga, karanga. Nikamtembeza safu yake, nikamshusha kwenye unga, nikamweleza gunia moja. Alikuwa akisikiliza bila kupepesa. Nilipofika ishirini na tatu akatikisa kichwa kukubali, maana hiyo aliijua kwa kuibeba.

"Na ukianza na hii ya balimi, alafu ya banamuke, si ni namba zile zile?" akauliza.

Nikabadilisha mpangilio, nikazidisha mbele yake. Zilitoka kumi na saba, kumi na nane, kumi na tatu, kumi na mbili.

"Hii kumi na saba ni ya nini?"

"Haiko ya kitu, Tantine. Hapa karanga zinakutana na Ma Chanda mu nafasi ya kukutana na karanga. Namba zinakubali, mais hakuna mutu ataweza kusema ni za nani."

Madamu alikuwa ameegemea ukuta, na nilimwona akikaza sweta yake kifuani. Ndipo Tantine akauliza swali ambalo hakuna kitabu kilichoniuliza.

"Na kama balimi banakatala chisense? Mwaka ile ya mvua mingi balikatala, haikukauka muzuri."

Nikafuta safu ya chisense katika jedwali la wakulima, nikaweka sifuri na sifuri. Nikatembea upya. "Unga yako inashuka kutoka ishirini na tatu mpaka kumi na tano," nikasema. "Ya Ma Chanda..." Nikakokotoa mara mbili, kwa kuwa sikuamini. "Ya Ma Chanda inatoka ishirini na moja mpaka tano."

Tantine aliinamisha kichwa. Akaitazama ile tano pale chini. Mwanangu, mimi nilidhani nimekosea. Kumbe alikuwa anaukumbuka mwaka ule. Kule kisiwani walilalamika wote wawili sawasawa, na yeye alidhani wameumia sawasawa.

"Ma Chanda hakuniambia," akasema polepole. "Miye nilikula kidogo. Yeye hakukula. Na nilikuwa na ugomvi naye juu aliacha kucheka na miye." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Hii kitu yenu inaona bantu."

Kisha akasimama, akishika mgongo. Akaliweka begi langu chini, miguuni pangu, akalisukuma kidogo kwa kidole cha mguu kama mtu anayerudisha mtoto wa kuku kwa mama yake. Akamwambia Madamu, "Aksanti mingi, mama." Akashuka kwenda bandarini peke yake. Nilimwangalia mpaka alipopanda mashuani, akajiinua kwa taabu, hakuna aliyempa mkono. Nililia. Nililia kwa furaha na kwa uchungu pamoja, na sijawahi kujua ni kipi kilikuwa kingi.

Akirudi bara safari ile, aliongeza samaki wa moshi kwenye safu ya Ma Chanda, kutoka mafungu yake mwenyewe, ili asitegemee chisense tupu. Alivuka bila msaidizi mpaka nilipomaliza shule. Mgongo ule unaouona leo, ule unaokutuma kila asubuhi kumletea maji ya moto, ndio mgongo wa darasa langu la kumi na moja na la kumi na mbili. Madamu Ngoie alifariki akiwa bado anafundisha, na mpaka siku zake za mwisho alihesabu kwa Kifaransa. Nilichokuwa nacho cha kumrudishia ni kusimama mbele ya watoto wa watu kila Jumatatu na kuwauliza, kama alivyoniuliza, hii namba ni ya nini.

Basi sikia ninachokuomba, mwanangu. Usiwahi kuichukua namba ukamwacha mwenye namba. Kabla hujazidisha chochote, andika pembeni ni nani na ni nini, hata kama mtihani haukuulizi. Ukiona kanuni, iulize kwa nini, tena iulize kwa lugha unayoombea chakula, si ile ya kujionyesha kwa wenzako. Na usiseme umeelewa mpaka umekaa na mtu anayehitaji jibu kweli, ukamweleza, akaweza kukuuliza swali la kwake. Usione haya kukosea ubaoni. Ona haya tu ukipigiwa makofi na hujui unapigiwa kwa lipi. Na hata huko mbele, utakapokuwa mkubwa na una mambo yako, jambo likiharibika usidhani limewaumiza wote sawa. Tembea na safu ya kila mmoja mpaka mwisho uone amebakiwa na nini.

Mungu akupe kichwa chepesi na moyo usiosahau watu. Akupe mwalimu atakayekataa kukusemea pale unapoweza kusema mwenyewe, na akupe mtu wa kukurudishia begi lako. Ziwa likufungukie, shamba likuitikie, na kila ulichotumwa kukipeleka kimfikie mwenyewe.

Haya, nawa mikono, ukalitoe lile daftari kwenye gunia. Kisha usije kwangu. Nenda kwa bibi yako Tantine pale mlangoni, ukamweleze yeye; tangu nianze kusema ameshasogeza kigoda chake karibu nasi mara mbili. Anza na majina. Atakuuliza habari za Ma Chanda.